Filamu ina Kasoro, Watu Hawaondoki

Umewahi kuingia kibanda cha video pale Bagamoyo? Benchi ni gumu. Joto ni kali. Filamu inatoka Hong Kong. Mtu anaruka ukuta mrefu kama mnazi. Unajua hakuna awezaye kuruka hivyo. Mbona huondoki?

Zamani watu wa pwani walitazama sinema za Kihindi, kama Awara ya mwaka 1951. Wengi hawakuelewa lugha. Walimtazama Raj Kapoor usoni, wakaelewa shida yake. Nyimbo wakaziimba wakirudi nyumbani.

Baadaye walikuja wafasiri. Mmoja wao, Lufufu, alijulikana sana Tanzania. Mfasiri hufunika muziki kwa sauti yake, tena huongeza chumvi. Hiyo ni kasoro. Lakini bibi asiyejua Kiingereza hucheka pamoja na mjukuu wake.

Kuruka ukuta ni mchezo tu, tunasamehe. Je, filamu ikionyesha mganga anaponya UKIMWI kwa mizizi? Hapo usinyamaze. Mwambie jirani yako kuwa ugonjwa huo haujapata dawa ya kuuponya. Dawa za kupunguza makali hutolewa hospitalini.

Jadilianeni: Ni filamu gani mliipenda ingawa ilikuwa na kasoro? Kasoro gani?