Kichwa Kikiteleza Mlimani: Mbinu za Kuipa Treni ya Mfano Nguvu ya Kuvuta

Kichwa cha treni kimeondoka na mabehewa 10 bila shida. Kinapoanza kupanda, magurudumu yanazunguka palepale na treni haisogei. Wengi hapo huanza kutafuta kichwa chenye mota kubwa zaidi, ilhali gurudumu linaloteleza ni ushahidi kwamba mota bado ina nguvu. Kilichoisha ni mshiko wa gurudumu kwenye reli. Kwa hiyo kabla hujatoa fedha, shughulikia mabehewa, njia na uzito.

Pima kwanza

Chukua mizani ya jikoni ya kidijitali, uiweke chini ya ukingo wa meza yenye reli. Juu yake weka kitu kizito cha nusu kilo kilichofungwa uzi. Uzi upande wima hadi kwenye kapi ndogo ukingoni mwa meza, kisha ulale sambamba na reli hadi kwenye ndoano ya kichwa. Rudisha mizani kwenye sifuri, halafu ongeza umeme polepole mpaka magurudumu yaanze kuteleza. Gramu zilizopungua kwenye mizani ndizo nguvu ya kuvuta ya kichwa hicho. Sekunde mbili tatu zinatosha, maana kuteleza kwa muda mrefu hula magurudumu na reli.

Kichwa chenye magurudumu ya chuma matupu kwa kawaida huvuta kati ya moja ya tano na robo ya uzito unaokalia magurudumu yanayosukumwa na mota. Kikiwa na gramu 400 na magurudumu yote yanasukumwa, tarajia gramu 80 hadi 100.

Mlima unakula kiasi gani

Tuchukue kipimo cha HO, yaani 1:87. NMRA, chama cha wapenzi wa treni za mfano cha Marekani, kinapendekeza behewa liwe na gramu 28 za kuanzia na gramu 14 kwa kila inchi ya urefu. Behewa la sentimita 15 basi lina gramu 110 hivi. Likiwa linabingirika vizuri, kulivuta kwenye tambarare huhitaji takriban asilimia 2 ya uzito wake. Kichwa chetu chenye gramu 80 za kuvuta kitaburuta mabehewa 36.

Sasa weka mwinuko wa asilimia 2, yaani sentimita 2 kwa kila mita ya njia. Mlima unadai asilimia 2 nyingine ya uzito wa kila kitu, kichwa chenyewe kikiwemo. Mabehewa yanashuka hadi 16. Kwenye asilimia 4 yanabaki 9, na kona kali ikiwa katikati ya mlima yatapungua zaidi.

Wahandisi wa reli halisi walilijua hilo. Vichwa vya Garratt vya aina ya 59 vya Shirika la Reli la Afrika Mashariki, vilivyoundwa na Beyer, Peacock mjini Manchester, vilikuwa na tani zipatazo 250 kila kimoja na magurudumu 16 ya kusukuma. Vilikusudiwa kuvuta tani zipatazo 1,200 kati ya Mombasa na Nairobi, kwenye mwinuko wa asilimia 1.5. Mlima wa asilimia 4 mezani kwako ungevishinda hata hivyo vikiwa na mzigo huo.

Njia moja ikitakiwa kupita juu ya nyingine, unahitaji kimo cha sentimita 8 hivi. Kwa asilimia 2, kupanda huko kunakula mita 4 za reli. Chumba kikiwa kidogo, inua njia ya juu sentimita 4 na ushushe ya chini sentimita 4. Hapo kila moja itahitaji mita 2 tu. Mwanzo na mwisho wa mlima uvipinde taratibu. Mwinuko ukibadilika ghafla, baadhi ya magurudumu ya kichwa huning'inia hewani na mshiko hupotea.

Punguza mzigo

Tandika reli ya mita moja kwenye ubao ulionyooka, uinue ncha moja sentimita 2. Weka behewa moja moja juu yake. Linaloteremka lenyewe ni zima. Linalogoma likague: ekseli imebanwa, nywele zimejisokota kwenye gurudumu, au ndoano inakwaruza reli. Magurudumu ya chuma yenye ekseli za ncha kali kwa kawaida hubingirika vizuri kuliko ya plastiki.

Reli nazo zisafishwe kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi. Tone la mafuta lililozidi kwenye gia likifika kwenye reli, magurudumu yote yatalisambaza njia nzima.

Ongeza uzito kwa kiasi

Vipande vya risasi au tungsteni hujaza nafasi zilizo wazi ndani ya bodi. Viweke ili kichwa kisimame sawa juu ya penseli iliyowekwa katikati ya magurudumu ya kusukuma. Uzito unaokalia vigurudumu vya mbele au vya nyuma hausaidii kuvuta. Risasi ni sumu: nawa mikono, na usiipige tupa karibu na watoto.

Kila unapoongeza, kishike kichwa kwa mkono na uwashe umeme. Magurudumu lazima yateleze. Yakisimama huku mota inanguruma, zima mara moja na upunguze uzito, la sivyo mota itaungua.

Magurudumu yenye mpira huvuta zaidi, lakini gurudumu lenye mpira halipokei umeme kutoka kwenye reli. Mpira ukikakamaa au kulegea, ubadilishe.

Vichwa viwili

Treni ikiwa bado ndefu kuliko uwezo, unganisha vichwa viwili vyenye mwendo unaolingana. Viweke njia moja vikiwa vimeachana, uvipe mwendo uleule, uone kama kimoja kinamfuata mwenzake na kumkaribia. Kwenye mfumo wa DCC, yaani udhibiti wa kidijitali, sawazisha kwa CV (vigezo) 2, 5 na 6 za dikoda: mwendo wa kuanzia, wa juu na wa kati. Mabehewa mazito yatangulie. Mepesi yakiwa mbele ya treni ndefu, huvutwa ndani ya kona na kuanguka.

Mwishowe andika kwenye boksi la kila kichwa gramu zake za kuvuta na idadi ya mabehewa kinayoyapandisha kwenye mlima wako mkali kuliko yote. Siku ukienda dukani, utajua kama unahitaji kichwa kipya au tungsteni kidogo tu.