Uwepo wa Mbali na Lugha ya Mafunzo: Wanafunzi wa Nchi Kavu Katika Safari za Utafiti wa Bahari Kuu

IKISIRI

Makala haya yanachunguza nafasi ya lugha katika mbinu ya uwepo wa mbali, yaani mbinu inayowawezesha wanafunzi walio nchi kavu kushiriki papo kwa papo katika safari za utafiti wa bahari kuu. Hoja kuu ni kwamba mbinu hii, ingawa aghalabu huelezwa kuwa ni suala la kamera na setilaiti, kimsingi ni tukio la mazungumzo. Anayenufaika nayo kikamilifu ni yule anayeweza kuingia katika mazungumzo hayo. Baada ya kuangalia mifano ya Marekani, Indonesia na Ajentina, makala yanajadili masuala matatu ya Kiswahili ambayo hayana budi kushughulikiwa kabla ya matangazo ya aina hii kufanywa kwa lugha hiyo: ngeli, viashiria vya mahali na msamiati wa vilindini.

1.0 Utangulizi

Mwaka 1985 mabaki ya meli ya Titanic yaligunduliwa katika Atlantiki ya Kaskazini na msafara wa Wamarekani na Wafaransa. Robert Ballard, mmoja wa viongozi wa msafara huo, alipokea baadaye maelfu ya barua za watoto wa shule waliotaka kufuatana naye katika safari zijazo. Meli ya utafiti haina nafasi ya kuwabeba watoto hao. Jibu la Ballard lilikuwa kuanzisha Mradi wa JASON mwaka 1989. Katika safari ya kwanza ya mradi huo, iliyofanyika katika Bahari ya Mediteranea, picha zilirushwa moja kwa moja hadi kwenye makumbusho ya Marekani na Kanada, ambako wanafunzi walikusanyika mbele ya skrini kubwa.

Jambo la kuzingatia katika historia hii ni kwamba watoto hao hawakuomba kuonyeshwa picha, bali waliomba kwenda. Tofauti baina ya kuonyeshwa na kwenda ndiyo msingi wa mjadala unaofuata.

2.0 Dhana na Utendaji Wake

Istilahi "uwepo wa mbali" inatumika hapa kwa kupendelewa kuliko "utazamaji wa mbali", kwa sababu mtazamaji halazimiki kusema lolote, ilhali aliyepo anaweza kuuliza na kujibiwa. Ni kweli kwamba istilahi hiyo ina mvutano ndani yake: neno "uwepo" limebeba kiambishi -po, ambacho huashiria mahali mahususi, na papo hapo linafafanuliwa kwa neno "mbali". Hata hivyo, mvutano huo ni wa dhana yenyewe, wala si kasoro ya istilahi.

Kwa upande wa utendaji, mawimbi ya redio hayasafiri mbali katika maji ya chumvi. Kwa sababu hiyo roboti inayoteremshwa vilindini huunganishwa na meli kwa waya mrefu wenye nyuzi za kioo, ambazo hupitisha picha na sauti. Kutoka melini mawasiliano hurushwa kwenye setilaiti, ambazo baadhi yake ziko takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, kisha hushushwa kwenye kituo cha nchi kavu na kusambazwa kwa intaneti. Mojawapo ya vituo vya namna hiyo ni Inner Space Center cha Chuo Kikuu cha Rhode Island. Mfumo mzima huchelewesha picha kwa sekunde chache tu. Hivyo mtaalamu aliye ofisini anaweza kumwomba rubani wa roboti arudi nyuma aliangalie tena jiwe fulani, na mwanafunzi aliye darasani anaweza kuuliza swali likajibiwa roboti ingali chini.

Uwepo wa mbali, kwa maelezo haya, una masharti matatu: wakati mmoja, mazungumzo ya pande mbili, na kitu kimoja kinachorejelewa na wote. Sharti la kwanza hutimizwa na mitambo. La pili na la tatu hutimizwa na lugha.

3.0 Lugha Katika Safari Zilizokwisha Kufanyika

Mwaka 2010 meli ya Marekani Okeanos Explorer na meli ya Indonesia Baruna Jaya IV zilishirikiana kuchunguza bahari iliyo kaskazini mwa Sulawesi, ikiwemo volkano ya chini ya bahari ya Kawio Barat. Wanasayansi waliokuwa Jakarta na wenzao waliokuwa Seattle waliona picha zile zile kwa wakati mmoja. Safari hiyo ilithibitisha kwamba umbali wa kijiografia si kikwazo tena kwa mtaalamu. Lakini mtaalamu ni mtu ambaye tayari ana lugha ya pamoja na mwenzake, yaani istilahi za taaluma yao. Mwanafunzi hana akiba hiyo.

Mwaka 2016, karibu na visiwa vya Hawaii, roboti ya Okeanos Explorer ilimkuta pweza mweupe asiyewahi kuonekana, katika kina cha takriban mita 4,290. Watu waliomwona mtandaoni walimbandika jina la Casper, kwa kumfananisha na mzimu wa katuni za Kimarekani. Jina hilo likaenea kabla ya wanasayansi kumpa jina lao. Hapa hadhira ilifanya kazi ya kiisimu, kazi ya kutaja. Ila iliifanya kwa kutumia hazina ya utamaduni mmoja.

Mfano wa tatu una uzito zaidi. Kati ya Julai na Agosti 2025 wanasayansi wa Ajentina, wakiwa katika meli Falkor (too) ya Schmidt Ocean Institute, walichunguza korongo la chini ya bahari la Mar del Plata kwa kutumia roboti SuBastian. Safari nyingi za roboti hiyo zilikuwa zikitangazwa kwa Kiingereza. Safari hii watafiti walizungumza Kihispania, lugha yao na ya wananchi wao, na matangazo yakatazamwa mara mamilioni kadhaa. Watazamaji waliuliza maswali, na viumbe wakapewa majina ya utani ya mtaani: jongoo bahari mmoja aliitwa "batatita", yaani kiazi kitamu kidogo. Mwitikio huo bila shaka una sababu zaidi ya moja, ikiwa ni pamoja na uzuri wa picha na likizo ya shule. Hata hivyo, mtu hawezi kufanya utani katika lugha asiyoimudu, na utani ni dalili kwamba msikilizaji amegeuka mshiriki.

4.0 Masuala ya Kiswahili

4.1 Ngeli na ugunduzi

Katika Kiswahili kila kitenzi humtaka msemaji aamue iwapo anachokitaja kina uhai wa kinyama au la. Chukua mfano wa mtangazaji anayeeleza anachokiona chini ya bahari:

(1) Kitu kile kinang'aa. Kimejibanza chini ya jiwe.
(2) Kumbe anasogea! Ni pweza, amekunja mikono yake.

Kati ya (1) na (2) upatanisho wa kisarufi umehama kutoka ngeli ya KI-VI kwenda ngeli ya A-WA. Uhamisho huo ndio ugunduzi wenyewe, na msikilizaji mtoto huupokea bila kufafanuliwa. Kiingereza hakimlazimishi msemaji kuutangaza uamuzi huu katika kila kitenzi. Hii ni faida ya kufundishia ambayo haijatumiwa ipasavyo.

Lakini ngeli huleta pia mgogoro. Matumbawe, kwa biolojia, ni wanyama. Kwa sarufi ni vitu: husemwa "matumbawe haya yanakula", si "hawa wanakula". Sarufi hapa imefuata mkono wa mwashi, ambaye kwa karne nyingi amejengea nyumba za miji ya pwani kwa matumbawe. Vivyo hivyo "kiti cha pweza": je, kiti cha pweza anatembea au kinatembea? Kanuni ya kwamba viumbe hai huchukua upatanisho wa A-WA inaelekeza jibu la kwanza, lakini neno kuu "kiti" linavuta upande wa pili. Mtangazaji wa moja kwa moja hana muda wa kusita. Uamuzi huu hauna budi kufanywa mapema, na mwalimu auchukue kuwa somo: pale sarufi na biolojia zinapopingana, mwanafunzi aelezwe kwa nini.

4.2 Viashiria vya mahali

Kiswahili hutofautisha mahali mahususi (-po), mahali pasipo mahususi (-ko) na mahali pa ndani (-mo). Katika uwepo wa mbali mahali ni pengi kwa wakati mmoja: darasani, melini na sakafuni mwa bahari. Mwalimu akigusa skrini na kusema "kaa yupo hapa", "hapa" ni kioo. Rubani akisema "kaa yuko huku", "huku" ni kilindini. Kaa akiingia katika tundu la mwamba, wote wawili watakubaliana kwamba "yumo humu". Ni kauli hii ya tatu pekee isiyomchanganya mwanafunzi, kwa kuwa -mo hukitegemea kitu kinachoonekana na wote, wala hakitegemei mahali alipo msemaji. Inafaa basi watangazaji wafunzwe kutaja kitegemeo cha mahali waziwazi: "kulia kwa roboti", "juu ya jiwe jeusi", badala ya "pale" na "kule".

4.3 Msamiati wa vilindini

Si kweli kwamba Kiswahili hakina maneno ya bahari. Wavuvi wana bamvua na maji mafu, kusi na kaskazi, kilindi na pima. Wana ngisi, dome, konyeza na jongoo bahari. Aidha, Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI (1990) iliweka msingi wa istilahi za sayansi. Pengo lililopo ni kati ya hazina hizo mbili: wavuvi hawakushiriki katika kamusi, na kamusi haikufika ufukweni.

Historia ya silikanti inadhihirisha pengo hilo. Tangu mwaka 2003 samaki huyu wa kale amekuwa akinaswa katika nyavu za jarife za wavuvi wa Tanzania, hasa Tanga, ambako hifadhi ya bahari yenye jina lake ilianzishwa mwaka 2009. Wakomoro, majirani wa Waswahili kwa bahari na kwa lugha, humwita gombessa. Jina lililoshika Tanzania ni lile lililotoka kwenye vitabu. Hakuna ubaya katika kukopa; hata hivyo mkopo ungefanywa kwa busara zaidi kama waliomvua wangeulizwa kwanza.

5.0 Utekelezaji

Pingamizi la kawaida ni kwamba Kiingereza ndicho lugha ya safari hizi. Lakini katika shule za msingi za serikali nchini Tanzania sayansi hufundishwa kwa Kiswahili. Mtoto wa Kigombe, kijiji kilicho kando ya hifadhi ya silikanti, akiwekewa matangazo ya Kiingereza ataona samaki wa bahari yake mwenyewe kama mgeni aonavyo.

Njia iliyo nyepesi ni kuwa na mtangazaji-mfasiri aliye nchi kavu. Roboti huweza kukaa chini kwa saa nyingi, na sehemu kubwa ya muda huo huonekana matope tu. Nafasi ya kueleza ipo tele. Wala ustadi hauanzii sifuri: utangazaji wa mpira redioni umekwisha kukifundisha Kiswahili kueleza kwa kasi jambo ambalo mwisho wake haujulikani. Pamoja na mtangazaji huyo aketi mvuvi mzoefu, na mwalimu aandae orodha fupi ya vitenzi na sifa, si nomino peke yake.

Saa nazo zina mipaka yake. Adhuhuri ya Hawaii ni saa saba usiku Afrika Mashariki, wakati adhuhuri ya Ajentina ni saa kumi na mbili jioni. Mahali ambapo saa, umeme au intaneti haviruhusu, rekodi itumike, ila ifahamike kwamba rekodi haijibu swali.

6.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba mitambo huleta picha, lakini uwepo huletwa na mazungumzo. Kiswahili kina ngeli zinazoweza kuuweka ugunduzi ndani ya kitenzi, kina mfumo wa mahali unaohitaji uangalifu, na kina msamiati wa wavuvi unaosubiri kukutanishwa na ule wa wanasayansi. Utafiti zaidi unahitajika kuhusu upatanisho wa majina ya viumbe wa bahari miongoni mwa wazungumzaji wa Tanga, Mombasa na Unguja. Kazi hiyo haihitaji meli wala setilaiti, na inafaa ifanywe kabla roboti haijateremshwa katika maji ya pwani hii na watoto kuanza kuuliza, "Huyu ni nani?" au "Hiki ni nini?"