Giaboksi ya Auto kwenye Barabara za Katavi: Mafunzo Niliyopata

Hapa Majengo, Mpanda, anayenunua pikapu ya auto hupewa pole kabla ya hongera. "Auto si gari la Katavi," watakwambia kijiweni, na kila mmoja ana habari ya jamaa yake aliyebaki porini kati ya Inyonga na Koga, injini inaunguruma na gari haliendi. Mimi nina Hilux ya auto. Nanunua mpunga Mpimbwe na mahindi popote yalipo, na kwa muda mrefu niliendesha huku nimetega sikio kama mama mwenye mtoto mgonjwa.

Hofu hiyo ina msingi wake. Giaboksi ikifa Mpanda, unapiga simu Dar es Salaam, Ilala au Gerezani, unatumiwa ya mtumba uliyoilipia bila kuiona, na fundi anaifunga bila kujua gari ilikotoka lilikufa kwa ugonjwa gani. Ndiyo maana nikaamua kujua kitu chenyewe kinafanyaje kazi, nijue lini nina haki ya kuogopa.

1. Kinachoua giaboksi ni joto

Gari la manyuo lina klachi plati inayobana na kuachia kati ya injini na gia. La auto lina konveta: feni mbili zinazotazamana ndani ya oili. Moja inazungushwa na injini na kusukuma oili, na oili hiyo inaizungusha ya pili. Kwenye lami, gari likiwa limeshika mwendo, feni hizo hukimbia karibu sawa, na magari mengi yana klachi ndogo inayozifunga pamoja kabisa. Kwenye kilima, tope au mzigo mzito, ya kwanza inakimbia na ya pili inasuasua. Nguvu inayopotelea hapo katikati inakuwa joto, na joto lote linaingia kwenye oili.

Sasa oili hiyohiyo ndiyo inayolainisha, ndiyo inayopooza, na ndiyo inayobana plati za ndani ili gia ishike. Ikiungua, kazi zote tatu zinaharibika kwa mpigo. Kuna kanuni inayotumiwa sana na watu wa giaboksi: ukivuka kama nyuzi 80 za Selsiasi, kila nyongeza ya nyuzi 11 hivi hupunguza maisha ya oili kwa nusu. Fanya hesabu mwenyewe ya gari linalopanda mlima na mzigo mchana wa Oktoba, mwezi ambao Mpanda hata kivuli kina joto.

Na mshale wa temperecha kwenye dashibodi hausemi lolote juu ya hili. Ule ni wa maji ya injini. Pikapu nyingi zina taa tu ya joto la giaboksi, na taa hiyo ikiwaka oili imeshateseka.

2. Gunia kumi si tani moja

Hili nalieleza kwa kirefu kwa sababu ndilo linaloua magari ya wafanyabiashara wa nafaka, na fundi yeyote akilisema anaonekana mchawi wa biashara.

Pikapu kama Hilux imetengenezwa kubeba takriban tani moja, na katika tani hiyo wamo abiria walioketi mbele. Mtu anapiga hesabu ya darasani: gunia ni kilo 100, kwa hiyo gunia kumi ni tani. Lakini gunia la shambani Katavi mara ngapi ni la kilo 100? Tunafunga lumbesa. Gunia linajazwa hadi mdomoni, linashonewa kilemba juu, linafika kilo 120, 130 na zaidi. Wakala wa Vipimo wamekataza miaka nenda rudi, na sisi wanunuzi ndio tunaoitaka kwa sababu inatupa faida kwa mkulima. Faida hiyo, kwa mwenye pikapu ya auto, inarudi kulipwa kwa fundi. Gunia kumi za lumbesa, watu watatu mbele na mbuzi mmoja wa mtu aliyeomba lifti ni tani moja na nusu, na mzigo huo unatoka bondeni kwa njia ya vumbi kabla haujaiona lami.

Lami ya Sumbawanga na ya Tabora imetusaidia sana, sikatai. Ila mpunga hauzaliwi kwenye lami. Siku hizi napima. Gunia za kilo 100 napakia nane, za lumbesa sita, na zinazobaki nachangia lori na wenzangu. Wanaonicheka wanicheke.

3. Uliza jina la oili, usiulize rangi

Oili za giaboksi za auto karibu zote ni nyekundu, na wekundu huo umewaponza wengi. Dukani utaambiwa "haidroliki ni haidroliki tu," kisha unamiminiwa kutoka kwenye dumu lililofunguliwa. Toyota za miaka ya karibuni hutumia oili iitwayo WS, nyepesi kuliko T-IV iliyotangulia. Nissan wana Matic zao za herufi mbalimbali. General Motors ndio walioanzisha Dexron. Kila moja ina msuguano wake, na plati za ndani zimetengenezwa kufanya kazi na msuguano huo, si mwingine. Ukiweka isiyo yake gari litatembea, ndiyo, na hapo ndipo mtego ulipo: litatembea hadi gia zianze kuteleza, na wakati huo hakuna atakayekumbuka dumu.

Kuhusu kubadilisha, utasikia kwamba giaboksi nyingine oili yake ni ya maisha, haibadilishwi. Soma kitabu cha gari hadi ukurasa wa mazingira magumu: vumbi, mizigo, kuvuta tela. Hapo utakuta kilomita za kubadilisha zimetajwa, na mazingira hayo ni maelezo ya barabara zetu. Mimi sivuki kilomita 40,000. Ujue pia kwamba ukifungua nati ya sampo, bakuli la oili chini ya giaboksi, haitoki oili yote. Inayotoka ni kama theluthi, pengine karibu nusu. Nyingine imejificha ndani ya konveta na kwenye mabomba ya kupoozea. Kwa hiyo gari lililopuuzwa hubadilishwa mara mbili au tatu, kwa kupishanisha safari kidogo katikati.

Sampo ikishushwa, simama hapohapo uitazame. Ndani kuna sumaku. Ukikuta uji laini wa kijivu umeishika, huo ni uchakavu wa kawaida. Ukikuta vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole, au oili nyeusi inanuka kuungua, hapo una haki ya kuogopa.

Na usijaze kwa kukisia. Giaboksi nyingi mpya hazina stiki ya kupimia. Oili hupimwa kwa kufungua nati maalumu, injini ikiwa inaunguruma, gari likiwa sawasawa, na oili ikiwa na joto lililoandikwa kitabuni. Fundi anayejaza likiwa limezimwa na limepoa, kisha akafunga, amekisia tu.

4. Giaboksi husingiziwa

Kugonga unapoweka D mara nyingi ni krosi za propela shafti zilizolegea, au raba za kushikia injini zimekatika. Gari kugoma kupanda gia, likabaki kwenye moja tu, kumbe betri imechoka: kompyuta ya giaboksi ikipata umeme mdogo huingia katika hali ya kujikinga. Waya uliotafunwa na panya (na panya wa mjini hapa wanapenda waya kuliko karanga) unatosha kuwasha taa zote.

Fundi akikwambia, "Bosi, giaboksi imekwisha, tuagize nyingine," mjibu kwa heshima: "Fundi, naomba tuanze na betri, tusome makosa kwa mashine, halafu tushushe sampo." Fundi mzuri hatakasirika. Anayekasirika, chukua ufunguo wako.

5. Rejeta ni sehemu ya giaboksi

Katika pikapu nyingi mabomba ya oili ya giaboksi huenda hadi kwenye rejeta, oili ikapoozwa na maji ya injini. Ukuta mwembamba ndani ya rejeta ndio unaotenganisha oili na maji. Ukitoboka, maji yanaingia kwenye oili, plati zinavimba na kubanduka, na oili inakuwa ya waridi kama maziwa ya stroberi. Nissan Frontier, Pathfinder na Xterra za 2005 hadi 2010 zilipata sifa mbaya Marekani kwa jambo hili hasa, hata kampuni ikaongeza muda wa dhamana ya rejeta. Navara ya kizazi hicho ni ndugu yao, kwa hiyo mwenye nayo awe na macho.

Usijaze rejeta maji ya mto, yatakula ukuta huo. Weka kulanti, na ukiona utando wa mafuta juu ya maji ya rejeta usiwashe tena gari. Wanaopakia sana hufunga kipoozeo cha ziada mbele ya rejeta. Ni kitu kidogo, na naona kina thamani kuliko bampa la chuma na taa sita ambazo vijana wetu hukimbilia kwanza.

6. Mvua zikianza

Kuanzia Novemba hadi Aprili kuna vivuko Katavi ambavyo asubuhi ni vumbi na jioni ni mto. Giaboksi hupumua kupitia kibomba kidogo. Ikiwa ya moto ukaitumbukiza ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta chochote kilicho karibu, maji yakiwamo, kupitia kibomba hicho au sili zilizochoka. Kagua mdomo wa kibomba uko juu kiasi gani na kama haujaziba kwa matope. Ukifika kivukoni, subiri gari lipoe kwanza. Muda huo uutumie kutazama kina. Maji yakivuka kitovu cha gurudumu, siku chache baadaye kagua oili.

Kwenye tope jeusi la mbugani, ingiza L4 (magurudumu yote manne, gia nzito) kabla hujakwama. Watu huiona L4 kama ya kujinasua tu, kumbe ndiyo inayoipunguzia konveta kazi, hivyo joto linapungua. Ukishakwama, acha ule mchezo wa D na R kwa haraka haraka huku moto umeukandamiza. Dakika chache za hivyo zinaweza kuchosha oili kuliko safari ya kwenda Sumbawanga na kurudi. Shuka, chimba, tafuta majani na miti, lipa vijana wasukume.

7. Tabia za manyuo ziachwe kwenye manyuo

Madereva wetu wa zamani hushuka mlima kwa nyutro ili kuokoa mafuta. Kwenye auto hutaokoa kitu, na utapoteza msaada wa injini katika kushika gari. Mteremkoni, kama kwenye milima ya Lyambalyamfipa, shusha gia kwa mkono, breki zipumzike.

Kusukuma gari liwake pia hakuna. Pampu ya giaboksi inazungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa hakuna presha ya oili, hakuna gia inayoshika. Zamani baadhi ya magari yalikuwa na pampu ya pili upande wa nyuma na yaliweza kusukumwa. Hayo ni nadra kuyaona barabarani siku hizi.

Kwa sababu hiyohiyo, kuvutwa kwa kamba magurudumu ya nyuma yakiwa chini ni hatari: vyuma vya ndani vinazunguka vikavu. Likikuharibikia mbali, liweke H2 (magurudumu ya nyuma pekee), fungua propela shafti ya nyuma upande wa difu, ifunge juu kwa kamba isiburure, ndipo uvutwe. Spana ya kazi hiyo iwe ndani ya gari muda wote.

8. P haishikilii mlima

P ni jino moja la chuma ndani ya giaboksi. Kwenye mwinuko ukiwa na mzigo, vuta handibreki kwanza, achia breki ya mguu gari litulie, kisha weka P. Na usitoke R kwenda D gari likiwa bado linarudi nyuma.

Swali ninaloulizwa sana ni kama ningemshauri mtu wa Mpanda anunue auto. Anayebeba tani moja kila siku kutoka mashambani, na gari liko mikononi mwa dereva wa kuajiriwa, anunue manyuo, asijidanganye. Anayezunguka mjini, akaenda shamba mara mojamoja na kusafiri na familia kwenda Tabora au Mbeya, auto itamfaa na itamstarehesha, mradi siku ileile anayolipia gari anunue na oili yake halisi, ikiwa kwenye kopo lililofungwa, ya kutosha kubadilisha mara mbili.