Sigara na Kisu: Kwa Anayesubiri Upasuaji Kigoma na Ujiji

Mtu akishapewa tarehe ya upasuaji, iwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Maweni au Hospitali ya Baptist, hesabu inayoanza kichwani ni ya pesa. Nauli, chakula cha anayemuuguza, ndugu wa kuchangia damu, nani atabaki na duka au mtumbwi. Sigara haimo kwenye hesabu hiyo. Inaonekana ni habari ya mapafu na uzee, ya siku nyingine. Naomba iwekwe juu kabisa. Kati ya yote ambayo mgonjwa anayevuta anaweza kujifanyia mwenyewe kabla hajalazwa kwenye meza ya upasuaji, sioni linalozidi kuacha sigara, nalo halina bei.

Haya yanamhusu mchukuzi wa bandarini mwenye ngiri, mzee wa Ujiji anayesubiri kutolewa tezi dume, kijana wa bodaboda atakayerudi kufanyiwa upasuaji wa pili wa mguu, na mama aliyepangiwa kujifungua kwa upasuaji. Yanamhusu zaidi anayejiandaa kwa upasuaji wa kupunguza uzito. Hao kwetu bado ni wachache, lakini kwao sigara ni sababu tosha ya kuambiwa warudi nyumbani.

Moshi wa sigara una hewa ya kaboni monoksaidi, ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa. Hewa hii hushika damu kwa nguvu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo damu ya mvutaji husafiri ikiwa na oksijeni pungufu, wakati ambapo moyo na ubongo vinaihitaji kuliko siku nyingine yoyote. Nikotini nayo hubana mishipa midogo ya damu. Kidonda hupona kwa damu inayokifikia. Ikifika kidogo, mshono huchelewa kushika, huota usaha, wakati mwingine huachia. Kwenye mapafu, vinyweleo vinavyosukuma makohozi kwenda nje huwa vimelemazwa na moshi, hivyo baada ya nusu kaputi makohozi hutuama na nimonia hupata pa kukaa. Halafu kuna kikohozi. Aliyeshonwa ngiri akikohoa usiku kucha anavuta nyuzi zake mwenyewe kutoka ndani, na ngiri iliyorudi ni ngumu zaidi kutibu kuliko ile ya kwanza.

Habari njema ni kwamba mwili huanza kujirekebisha mapema. Ndani ya siku moja bila kuvuta, ile kaboni monoksaidi huwa imeshatoka karibu yote. Mapafu na ngozi huhitaji muda mrefu zaidi, na hapo ndipo mwezi mmoja unapopata maana. Januari 2020, Shirika la Afya Duniani, pamoja na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Australia na shirikisho la dunia la vyama vya wataalamu wa usingizi, lilieleza kwamba anayeacha wiki 4 au zaidi kabla ya upasuaji hupata madhara machache kuliko anayeendelea, na kila wiki inayoongezeka baada ya hizo 4 huboresha matokeo kwa asilimia 19. Miaka mingi kabla ya hapo, utafiti wa Denmark uliochapishwa 2002 ulifuatilia wagonjwa 120 waliokuwa wanabadilishiwa nyonga au goti. Waliosaidiwa kuacha sigara wiki 6 hadi 8 kabla, walipata matatizo baada ya upasuaji kwa asilimia 18. Walioachwa waendelee na mazoea yao walipata kwa asilimia 52.

Na kama zimebaki siku 10 tu? Acha vilevile. Zamani hata baadhi ya madaktari waliogopa kwamba kuacha siku chache kabla ya upasuaji huongeza makohozi na kumweka mgonjwa pabaya zaidi. Tafiti za baadaye hazikuuthibitisha woga huo. Ila usisogeze mbele upasuaji usiongoja, kwa kisingizio kwamba unasubiri kuacha. Kidole tumbo kilichopasuka, mfupa uliotokeza nje, mtoto aliyechoka tumboni, saratani: hayo daktari hayangojei, na mvutaji hutibiwa kama mwingine yeyote.

Anayeenda kupunguzwa uzito

Kwa mtu wa Kigoma, safari hii kwa kawaida ni ya Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 1,200 kwa reli. Hospitali ya Taifa Muhimbili, upande wa Mloganzila, huweka puto ndani ya tumbo kwa mpira wa kamera unaopitishwa mdomoni, bila kupasua. Upasuaji wenyewe, mahali unapofanyika, una sura mbili kubwa: kukata sehemu ya tumbo ili libaki jembamba, au kutengeneza kifuko kidogo na kukiunga moja kwa moja na utumbo.

Hiyo sehemu ya kuungia, adui wake ni sigara. Mvutaji hupata vidonda vya tumbo pale kwenye maungio, vidonda vinavyovuja damu na hata kutoboka, mwezi wa kwanza au miaka baadaye. Ndiyo maana mwongozo wa madaktari wa Marekani wa fani hii unataka mgonjwa awe ameacha mapema iwezekanavyo, ikiwezekana mwaka mzima, na kwa vyovyote isipungue wiki 6. Na si hadi siku ya upasuaji tu. Huku ni kuacha kwa maisha yote. Mgonjwa huyohuyo anatakiwa pia aachane na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, zinazouzwa kila duka la dawa, kwa sababu nazo huchimba vidonda mahali palepale. Kabla hujanunua kidonge chochote cha maumivu, uliza waliokupasua.

Timu nyingi za upasuaji huu hupima. Nikotini ikishaingia mwilini hugeuka kuwa kotinini, ambayo huonekana kwenye damu au mkojo kwa siku kadhaa. Kipimo hakitofautishi ilikotoka nikotini. Ugoro wa puani huonekana. Msokoto wa tumbaku ghafi iliyonunuliwa Kasulu huonekana. Shisha huonekana. Sigara ya umeme huonekana. Usijidanganye kwamba uliyoacha ni ile ya pakiti tu.

Hapa kuna hofu moja inayostahili kuheshimiwa. Mtu mnene anayevuta huwa anajua, bila kuambiwa na yeyote, kwamba sigara humkata njaa. Anauliza: nikiacha si nitanenepa zaidi, na mimi nakwenda kupunguza? Ni kweli, wanaoacha huongezeka, kwa wastani kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza. Lakini hatari ya kilo hizo ni ndogo sana ukiiweka pembeni ya kidonda kinachovuja damu tumboni. Waambie mapema wanaokuandaa, wakupangie chakula. Nyumbani anza na mafuta. Kijiko kikubwa kimoja cha mawese kina kalori zipatazo 120, na sufuria ya sombe huweza kumeza vijiko 10 bila mtu kugundua. Migebuka ya kuchemsha au kuchoma badala ya kukaanga, lengalenga nyingi, ugali wa muhogo kwa kipimo ulichokubaliana na nafsi yako kabla hujakaa mkekani. Njaa ya wiki 2 za kwanza mara nyingi ni mdomo unaotafuta kazi. Karoti, muwa kidogo, au maji ya baridi huupa kazi hiyo.

Siku ya kuacha

Chagua tarehe, na usiichague ovyo. Mvuvi wa dagaa huvuta zaidi usiku, juu ya maji, kati ya kutega na kuvuta wavu. Taa zinawaka juu ya ziwa, upepo unapita kwenye nguo zilizolowa, usingizi unabisha, na sigara moja inazunguka mtumbwi mzima hadi kipisi kinaunguza vidole vya wa mwisho. Kumwambia mtu huyo aache katikati ya usiku kama huo ni kumuonea. Lakini mbalamwezi ikiwa kamili dagaa hawafuati taa, na mitumbwi ya Kibirizi na Katonga hupumzika. Anza usiku wa kwanza wa mapumziko hayo. Arosto huwa kali kabisa siku ya pili na ya tatu, na hizo zitakukuta nchi kavu, karibu na watu wako.

Ipo nafasi kubwa zaidi. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, kwa kufuata makubaliano ya nchi 4 zinazolizunguka. Miezi 3 ya ziwa kufungwa ni migumu mfukoni, sitaki kuipamba. Lakini kwa mwenye ngiri ambayo daktari ameshasema haina haraka, hakuna majira yanayofaa kama hayo: mwezi wa kwanza kuacha sigara, kisha upasuaji, kisha wiki za kupona bila mtu wa kukuita ukavute wavu. Kama ziwa litafungwa tena, ombeni tarehe mapema.

Kwa Waislamu wa Ujiji, Ramadhani ni mlango mwingine. Anayefunga hukaa saa 13 na zaidi bila moshi, mwezi mzima, na hilo pekee linaonyesha kwamba anaweza. Anapoanguka ni baada ya futari. Ukishafuturu, piga mswaki, ondoka mkekani, nenda Tarawehe pamoja na asiyevuta.

Kisha kahawa. Barazani Ujiji kikombe na sigara ni ndugu, na wengi hawajui kwamba moshi huufanya mwili uisage kahawa haraka. Ukiacha kuvuta, vikombe vilevile 4 vitakaa kwenye damu muda mrefu zaidi, utatetemeka, moyo utakudunda, usingizi utakukimbia, na utadhani ni kukosa sigara. Punguza kahawa kwa nusu tangu siku ya kwanza. Kwa sababu hiyohiyo, mwenye pumu anayemeza aminofilini amwambie daktari kwamba ameacha sigara, maana dozi yake huenda ikazidi. Mwenye kisukari naye apime sukari mara nyingi zaidi kuliko kawaida yake.

Mabandiko na bazoka za nikotini zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Uliza hospitalini na kwenye famasi kubwa. Ukizipata, zitumie: nikotini ya bandiko haina moshi wala kaboni monoksaidi, na ni nafuu mno kuliko sigara hata kwa anayesubiri kisu. Ila anayekwenda kupimwa kotinini awaambie wapimaji kwanza. Usipozipata, usiketi kuzingoja. Hamu moja ya sigara hudumu dakika chache. Inuka, osha uso, tembea hadi kwa jirani, vuta pumzi ndefu, na itakuwa imepita. Toa kiberiti mfukoni. Usimtume mtoto dukani kununua sigara ya mgeni. Pombe iache kwa mwezi huo wote, kwa kuwa walio wengi huirudia sigara wakiwa na glasi mkononi. Waambie wenzako wa mtumbwini sababu kamili, kwamba unapasuliwa tarehe fulani. Watu wanaokucheka ukisema umeacha tu, wengi wao watakulinda wakijua kuna kisu mbele.

Ukiteleza ukavuta moja, hiyo ni moja. Usiikamilishe pakiti, na usikimbie miadi.

Siku ya kuonana na mtaalamu wa usingizi, swali litakuja. "Baba, sigara unavuta?" Jibu lililozoeleka ni, "Zamani, mwanangu." Mpe jibu lenye tarehe: nilivuta kiasi hiki kwa miaka hii, ya mwisho ni Jumanne, na ugoro bado natumia. Hatakugombeza. Kwa jibu hilo anapanga dawa, anaandaa oksijeni, anajua mapafu yako yataamkaje. Baada ya upasuaji, kila saa ukiwa macho, vuta pumzi nzito mara 10. Ukihisi kikohozi, kumbatia mto juu ya mshono kabla ya kukohoa. Keti na utembee mapema kadiri utakavyoruhusiwa. Na anayekuuguza, akitoka kupunga upepo, asirudi wodini na moshi kwenye shati.