Klachi Mpya Inayoteleza

Swali: Nimeifungia pikipiki yangu pleti mpya za klachi zisizo za kiwanda chake; sasa mlimani injini yavuma, mwendo hauzidi. Je, nimeuziwa bandia?

Jibu: Ndugu msomaji, kabla hujamtuhumu muuza vipuri, utazame kwanza waya wa klachi, ambao mafundi aghalabu huurudisha ukiwa umekaza mno, ilhali katika pikipiki nyingi ncha ya mkono wa klachi yapasa icheze milimita 10 hadi 20 kabla haijavuta kitu. Ninachokishuku zaidi, hata hivyo, ni oili: klachi ya pikipiki nyingi huogelea katika oili ileile ya injini, na oili ya gari, ikiwa imetiwa dawa ya kupunguza msuguano, huzinyima pleti mshiko; tafuta kopo lililoandikwa JASO MA au MA2. Hayo yasipofaa, fungua, upime unene wa pleti kwa mujibu wa kitabu cha pikipiki, uzilaze zile za chuma juu ya kioo uone kama zimepinda, na springi zilizofupika uzibadili zote pamoja. Pleti zilizofungwa kavu, bila kuloweshwa oili, huungua upesi, na fundi afanyaye hivyo simwonei huruma. Pleti zako mpya zikiwa nyembamba kuliko kipimo, hapo ndipo umrudishie mwenye duka mali yake.