Kulipa Zaidi ili Makato ya Mwezi Yapungue

Ukiwa na mkopo wa mshahara, kuingiza tu fedha ya ziada benki hakupunguzi makato. Natamani kila mtumishi alijue hilo mapema. Fedha isiyo na maelekezo inaweza kukaa kwenye akaunti ikisubiri tarehe ya rejesho, huku riba ikiendelea kuhesabiwa kwenye deni lote kama jana.

Mkopo wangu ulikuwa wa shilingi 6,000,000 kwa miezi 48, riba asilimia 17 kwa mwaka, inayokokotolewa kwenye salio. Rejesho lilikuwa 173,130 kila mwezi. Mstari wa kwanza wa jedwali la marejesho unaonyesha kwamba kati ya hizo, 85,000 ni riba, na 88,130 tu ndizo zinazopunguza deni. Ndiyo maana baada ya mwaka mzima wa kukatwa, zaidi ya milioni mbili, salio lilikuwa bado kama 4,856,000. Wengi wakifika hapo hudhani wameibiwa. Deni likiwa bado kubwa, riba nayo huwa kubwa, na kwa sababu hiyohiyo fedha ya ziada husaidia zaidi ikiingia mapema.

Kikoba chetu kilipovunjwa nilipata milioni moja, nikaenda kwanza kwa afisa mikopo kuuliza. Je, kuna tozo ya kulipa kabla ya muda? Kiwango cha chini mnachopokea ni kipi? Na zito kuliko yote: riba inapigwa kwenye salio, au ilipigwa kwa mkupuo kwenye kiasi cha mwanzo? Ikiwa ni kwa mkupuo, kama ilivyo mikopo mingi midogo ya mtaani, kuwahi kulipa huenda kusikupunguzie riba hata kidogo. Hapo bora fedha yako ibaki kwenye akiba.

Kisha niliandika barua, nikabaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Sentensi yenyewe ilikuwa hii: “Naomba shilingi 1,000,000 zipunguze deni la msingi, muda ubaki miezi 36 iliyosalia, na rejesho la mwezi likokotolewe upya.” Usiache hilo la muda. Usipolitaja, benki inaweza kufupisha mkopo na kuacha makato yaleyale.

Kufupisha nako kuna faida yake, tena kubwa. Kwa hesabu yangu, kubakiza muda kulishusha rejesho hadi kama 137,500 na kuokoa riba ya takriban 283,000. Kubakiza rejesho la zamani kungemaliza mkopo miezi 9 mapema na kuokoa takriban 567,000, mara mbili yake. Nilichagua nafuu ya kila mwezi nikijua bei yake, kwa sababu dawa za mama za presha na kisukari hununuliwa kila mwezi. Kama kwako mwezi unafika mwisho bila kukopa dukani, fupisha mkopo.

Jiandae pia kupigiwa simu. Sheria yetu Tanzania inataka mtumishi abakiwe na angalau theluthi ya mshahara, kwa hiyo makato yakishuka, nafasi ya kukopeshwa inafunguka, na benki inaliona hilo. Watakuambia uongeze mkopo. Nilikataa, maana wangeniandikia muda mpya, na milioni yangu ingekuwa imefanya kazi bure.

Mwisho, dai jedwali jipya la marejesho, kisha lifikishe mwenyewe kwa ofisa utumishi au mhasibu wa mishahara, kwani anayekata ni mwajiri. Mabadiliko yakichelewa kuingia kwenye mfumo, utakatwa kiasi cha zamani mwezi huo. Linganisha hati ya mshahara na jedwali. Tofauti ikionekana, iandikie benki barua nyingine ukiomba kiasi kilichozidi kirudishwe au kiingizwe kwenye deni la msingi, na uambatanishe nakala ya hati yenyewe.