Somo la Kiingereza: Neno "If" na Masharti Yake

Watu wengi wajifunzao Kiingereza hulidharau neno "if" kwa sababu lina herufi mbili tu, na kwa sababu maana yake, "kama", hufundishwa mapema kabisa darasani. Walakini barua nyingi za kuomba kazi, za kudai fedha au za kujibu madai huharibikia hapo hapo. Neno lenyewe halina taabu. Taabu imo katika vitendo viwili vinavyolifuata, kwa maana Mwingereza asemapo sharti huugeuza wakati wa kitendo ili aonyeshe kama jambo lenyewe laweza kutokea, au ni la kuwazia tu, au limekwisha kupita wala haliwezi kurudi.

Msomaji wa Kiswahili ana bahati katika somo hili, kwa sababu tofauti hizo tatu anazo tayari katika lugha yake, naye huzisema kila siku bila kufikiri: -ki-, -nge- na -ngali-. Hata neno "sharti" lilitoka katika Kiarabu, na wanazuoni wa sarufi ya Kiarabu tangu zamani huigawa sentensi ya namna hii sehemu mbili, ya kwanza wakiiita sharti na ya pili jawabu la sharti. Majina hayo yanafaa sana, na ndiyo yatakayotumika hapa. Katika methali "Usipoziba ufa, utajenga ukuta", sharti ni "usipoziba ufa", na jawabu ni "utajenga ukuta". Kwa Kiingereza ingeandikwa: "If you do not fill the crack, you will build a wall."

JAMBO LINALOWEZA KUTOKEA

Tuseme mkulima anatazama mawingu mwezi wa Machi, naye anasema: "Mvua ikinyesha kesho, tutapanda mahindi." Mwingereza husema: "If it rains tomorrow, we will plant the maize." Kitendo cha sharti kimewekwa katika wakati uliopo, "rains", ingawa kesho haijafika, neno "will" limekaa upande wa jawabu peke yake. Mwanafunzi asione ajabu, maana Kiswahili nacho hakikubali "ikitanyesha". Kosa la kuandika "If it will rain" humpata yule afikiriye kwa njia ya neno "kama": husema moyoni "kama mvua itanyesha", akaifasiri neno kwa neno, na hiyo -ta- ikamponza. Basi kabla ya kuandika, aigeuze kwanza iwe "ikinyesha", na mkono wake utakwenda sawa.

Lakini -ki- ina hila yake, na hapa yafaa mwanafunzi atulie. Kwa Kiswahili, "akija" yaweza kuwa "kama atakuja", na yaweza kuwa "atakapokuja". Msikilizaji hupambanua kwa kuijua hali ya mambo. Kiingereza humlazimisha mwandishi achague mwenyewe: "if" kama ana shaka, "when" kama hana.

Tazama jinsi uchaguzi huo uwezavyo kumgharimu mtu. Mkulima mmoja anadaiwa shilingi 600 na mwenye duka. Mahindi yake yamejaa ghalani na mnunuzi amekwisha kuyaona. Moyoni mwake anasema, "Nikiuza mahindi yangu, nitakulipa", na hiyo kwake ni ahadi kamili. Akiandika, "When I sell my maize, I will pay you", ahadi yake imefika salama: mahindi yatauzwa, iliyobaki ni siku tu. Lakini akiandika, "If I sell my maize, I will pay you", amemwambia mwenye duka kwamba huenda mahindi yasiuzwe, na yasipouzwa, habari ya deni haijulikani. Mwenye duka akikataa kungoja hawezi kulaumiwa kwamba ameisoma barua vibaya.

Kinyume chake pia kina hatari. Kijana aombaye kazi akiandika, "When you give me this work, I will serve you faithfully", amesema kana kwamba kazi ni yake tayari, na msomaji wa barua aweza kumwona mwenye kiburi, hali yeye alitaka kuonyesha adabu. Hapo neno lifaalo ni "if".

Kuhusu -sipo-, Kiingereza kina njia mbili: "if" pamoja na "not", au neno moja "unless". "Usipojibu, nitakuja mwenyewe" huwa "If you do not reply, I will come myself", au "Unless you reply, I will come myself". Neno "unless" limekwisha kubeba ukanusho tumboni mwake. Atakayeandika "unless you do not reply" amekanusha mara mbili, na maana imegeuka juu chini.

JAMBO LA KUWAZIA

Hapa ndipo wanafunzi wengi hujikwaa. Karani akaaye mbali na kazini asema: "Ningekuwa na baiskeli, ningefika kazini saa moja." Kwa Kiingereza: "If I had a bicycle, I would reach work at seven o'clock." Mwanafunzi aonapo "had" hufikiri kwamba karani alikuwa na baiskeli zamani. Sivyo. Habari ni ya leo, na maana yake ni kwamba leo hana. Kiingereza hakina alama ya pekee iliyo kama -nge-, kwa hiyo huazima umbo la wakati uliopita kuonyesha kwamba jambo liko mbali na ukweli, kama vile mambo ya zamani yalivyo mbali na leo. Mwanafunzi akiishika sababu hiyo moja, nusu ya somo ameimaliza.

Kosa kubwa la upande huu ni "If I would have a bicycle, I would reach work at seven o'clock". Chanzo chake ni Kiswahili chenyewe. Sisi wa Kiswahili huweka -nge- pande zote mbili, katika sharti na katika jawabu, na asiyefanya hivyo husikika kuwa amekosea. Kiingereza huweka "would" upande wa jawabu tu. Upande wa "if" hukaa wakati uliopita mtupu. Ni desturi mbili mbalimbali, wala hakuna iliyo bora kuliko mwenzake.

Katika sharti la namna hii, Kiingereza safi cha kuandika hutumia "were" kwa watu wote: "If I were you, I would not sell that cow", yaani "Ningekuwa wewe, nisingemwuza ng'ombe yule". Katika mazungumzo Waingereza wengi husema "If I was", na hakuna awashangaaye. Lakini "If I were you" imekwisha kuwa maneno ya kawaida ya kutoa shauri, na ni vema kuikariri hivyo hivyo. Katika vitabu vya zamani "should" huonekana mahali pa "would" baada ya "I" na "we". Maana haibadiliki.

Msomaji mwenye macho makali atasema kwamba amewahi kuona barua ya ofisi iliyoandikwa, "I should be grateful if you would send me the form". Je, mwandishi wa ofisi amekosa? Hakukosa. "Would" hiyo haionyeshi jambo la kuwazia. Yauliza kama mwenye kuandikiwa yu radhi. Ni kama kusema "ukiwa radhi kuniletea". Inafaa kwa maombi ya adabu tu. Hakuna awezaye kuiomba baiskeli iwe radhi, wala mvua.

JAMBO LILILOKWISHA KUPITA

"Ningalipanda mapema, ningalivuna magunia ishirini." Kwa Kiingereza: "If I had planted early, I would have harvested twenty bags." Upande wa sharti huwekwa "had" pamoja na kitendo kilichokamilika, na upande wa jawabu "would have". Mtu huyu hakupanda mapema, wala hakuvuna magunia ishirini.

Kuna jambo moja la kuangalia. Edward Steere, ambaye kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja kilitolewa mwaka 1870, alizitenga -nge- na -ngali-, ya kwanza kwa wakati uliopo na ya pili kwa wakati uliopita. Shuleni ndivyo ilivyofundishwa. Lakini vinywani mwa watu mpaka huo haulindwi sana: wengi husema "ningejua jana, nisingekuja", na wengine huchanganya wakasema "ningelijua". Kwa hiyo afasiriye asiitazame alama peke yake. Ajiulize kama nafasi bado ipo au imekwisha kupita. Ikiwa imepita, ataandika "had known" hata kama kwa Kiswahili alisema "ningejua".

Uzito wa jambo hili waonekana vizuri katika barua za sifa, ambazo mwajiri humwandikia mfanyakazi aondokapo. Fikiri mafundi seremala watatu, kila mmoja ameshika barua yake. Ya kwanza yasema: "If he is given time, he will become a good carpenter." Akipewa muda, atakuwa fundi mzuri, mwajiri mpya aweza kumchukua bila wasiwasi. Ya pili yasema: "If he were given time, he would become a good carpenter." Angepewa muda, angekuwa fundi mzuri, aliyeiandika haoni kwamba muda huo utapatikana. Ya tatu yasema: "If he had been given time, he would have become a good carpenter." Angalipewa muda, angalikuwa fundi mzuri; lakini hakupewa, na fundi mzuri hakuwa. Maneno "time", "good" na "carpenter" yamo katika barua zote tatu, na mtu asomaye kwa kuokota maneno ayajuayo atafurahi sawasawa kwa kila moja. Mwenye barua ya tatu huenda akaibeba miaka mingi, akiionyesha kila mlango, asijue kwa nini afungiwa.

Yawezekana pia sharti likawa la zamani na jawabu likawa la leo: "If I had finished school, I would be a teacher now." Hilo si kosa; shule ilikatika zamani, na hasara ni ya sasa.

SHARTI LISILO NA "IF"

Katika maongezi, "I had" na "I would" zote hufupishwa kuwa "I'd". Msikilizaji asikiapo "If I'd known, I'd have come", ile ya kwanza ni "had" na ya pili ni "would". Mahali pake ndipo panapoitambulisha.

Barua za madai na hati za mapatano nazo hupenda kuliacha neno "if" kabisa na kutanguliza kitendo. "Had I known" ni sawa na "If I had known". La hatari zaidi ni "should". Mpangaji apokea karatasi isemayo: "Should you fail to pay the rent by 30th June, the room will be let to another person." Yeye alifundishwa kwamba "should" ni "yakupasa", basi aona kama kwamba ameamriwa asilipe, au ameulizwa swali. Maana yake ni: "Ukikosa kulipa kodi kufika tarehe 30 Juni, chumba kitapangishwa kwa mtu mwingine." "Should" ikitangulia mwanzoni mwa sentensi, na mwisho wake hakuna alama ya kuuliza, ni -ki- tu iliyovaa kanzu ya ofisi. Maneno "provided that" nayo yakutwapo katika mapatano ni "maadamu" au "kwa sharti kwamba", na yafuatayo baada yake yasomwe mara mbili kabla ya kutia sahihi.

MAZOEZI

Mwanafunzi afasiri sentensi hizi kwa Kiingereza, akifunika majibu yaliyo chini.

1. Ukifika mapema, utapata nafasi.
2. Ningekuwa na shamba kubwa, ningepanda kahawa.
3. Daktari angaliitwa jana, mtoto angalipona.
4. Usipojibu kabla ya Ijumaa, kazi atapewa mtu mwingine.
5. Jua likichwa, tutarudi nyumbani.
6. Sahihisha: "If I would know his house, I will visit him."
7. Soma sentensi hii: "Had the bridge been repaired, the lorry would not have fallen into the river." Je, daraja lilitengenezwa? Je, lori lilianguka?

MAJIBU

1. "If you arrive early, you will get a place."
2. "If I had a large farm, I would plant coffee."
3. "If the doctor had been called yesterday, the child would have recovered."
4. "Unless you reply before Friday, the work will be given to another person." Aliyeandika "If you do not reply" amepata pia.
5. "When the sun sets, we will go home." Aliyeandika "if" ameonyesha shaka kwamba huenda jua lisichwe leo.
6. "If I knew his house, I would visit him." Makosa yalikuwa mawili: "would" upande wa sharti, na "will" upande wa jawabu.
7. Daraja halikutengenezwa, na lori lilianguka mtoni. Neno "not" halipo penye daraja, nalo daraja halikutengenezwa. Lipo penye lori, nalo lori lilianguka. Aliyejibu kinyume arudi kusoma tena habari za mafundi watatu kabla ya kuendelea na somo jingine.